Shabiki Hana Deni kwa Timu Iliyohama

Uaminifu ni sifa njema, na hapana taifa duniani lisilousifu. Mtu mwaminifu hukabidhiwa mali, siri na watoto wa wenziwe bila hofu. Walakini sifa hii, kama zilivyo sifa nyingine zote, yaweza kutumiwa vibaya na wajanja. Asiyejua ni kitu gani anachokiwekea uaminifu wake ni kama abiria aliyelipa nauli bila kuuliza chombo kinakwenda bandari gani. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujamsifu mtu kwa uaminifu wake, na kabla hujamlaumu mwingine kwa kuukosa, uliza kwanza: mwaminifu kwa nani, na kwa sababu gani?

Swali hili limezusha ugomvi mkali mahali ambapo huenda hukupatazamia: katika miji midogo ya Amerika ya Kaskazini, miongoni mwa mashabiki wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Huko timu nzima yaweza kuuzwa na kupelekwa mji wa mbali, kama mfanyabiashara ahamishavyo duka lake. Timu ikiisha kuondoka, watu walioachwa hugawanyika. Wako wasemao kwamba shabiki wa kweli huifuata timu yake popote iendapo, na kwamba anayeiacha hakuwa shabiki bali mpita njia. Insha hii imeandikwa kuwapinga watu hao. Nasema kwamba shabiki hana deni lolote kwa timu iliyohama; na kumdai deni hilo ni kumdhulumu mara mbili, maana kwanza amenyang'anywa timu, kisha anaambiwa aendelee kuilipa kwa moyo wake.

Yafaa uujue mchezo wenyewe kabla ya kuijua kesi. Wachezaji sita wa kila upande, pamoja na mlinda lango, huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini yake, wakateleza juu ya barafu kwa kasi kubwa. Kwa magongo yao hupigania kisahani kigumu cha mpira mweusi ili kukitia katika lango la adui. Usidhani mchezo huu ni mgeni kabisa kwetu. Mwaka 2005 hoteli moja ya Nairobi ilifungua uwanja wa barafu, na humo ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huu.

Ligi iliyo kubwa kuliko zote huitwa NHL. Chini yake ipo AHL, iliyoanza mwaka 1936, na chini ya hiyo ipo ECHL, iliyoanza mwaka 1988. Timu za ligi hizi ndogo ni kama kitalu cha miche. Hupokea vijana, huwakuza, na wakiisha kukomaa huwapeleka kwa timu kubwa zilizofungamana nazo. Mchezaji aliyefunga bao jana jioni aweza kuitwa usiku na kuondoka alfajiri, asionekane tena. Shabiki wa ligi ndogo, basi, hujifunza mapema kwamba wachezaji hawadumu. Vinavyodumu kwake ni jina la timu, rangi zake, uwanja wake, na jirani aketiye kiti cha pili mwaka nenda mwaka rudi.

Lakini mbele ya sheria timu si vitu hivyo. Mbele ya sheria timu ni hati, yaani ruhusa ya kushiriki katika ligi, na mwenye hati ndiye mwenye timu. Jina, rangi na mji vyaweza kubadilishwa vyote, na hati ikabaki ile ile. Hapa ndipo penye mzizi wa shauri letu. Shabiki hupenda yale yanayoonekana, bali mwenye timu hushika lile lisiloonekana.

Chukua mfano wa Springfield, mji wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Mji huo ulikuwa na timu iliyoitwa Indians, mojawapo ya zile zilizoanzisha AHL mwaka 1936. Timu hiyo ilitwaa kikombe cha Calder, ambacho ndicho kikombe cha ligi hiyo, mara tatu mfululizo: mwaka 1960, 1961 na 1962. Ikakitwaa tena mwaka 1990 na 1991. Mwaka 1994 ikahamishiwa Worcester, mji wa jimbo lilo hilo, ikaitwa IceCats. Mwaka 2005 hati yake ikapelekwa Peoria, katika jimbo la Illinois, timu ikaitwa Rivermen. Mwaka 2013 ikapelekwa Utica, katika jimbo la New York, ikaitwa Comets. Mwaka 2021 ikavuka mpaka wa nchi, ikaenda Abbotsford, Kanada, upande wa bahari ya Pasifiki, ikaitwa Canucks. Mwaka 2025 timu hiyo ya Abbotsford ikakitwaa kikombe kile kile cha Calder.

Sasa fikiri, msomaji. Ikiwa kanuni ya wapinzani wetu ni kweli, mzee wa Springfield aliyeishangilia Indians mwaka 1990 alipaswa kuruka kwa furaha mwaka 2025 kwa ushindi wa Abbotsford, mji ambao pengine hakupata kuusikia. Na si hayo tu. Mwaka ule ule wa 1994 Springfield ilipata timu mpya, Falcons. Mwaka 2016 hiyo nayo ikachukuliwa, ikapelekwa Tucson, katika jangwa la Arizona. Wenyeji wa Springfield wakainunua timu ya Pirates ya mji wa Portland, wakaileta kwao na kuiita Thunderbirds. Kwa kanuni hiyo, basi, mzee wetu yampasa aishangilie Abbotsford kwa ajili ya Indians, aishangilie Tucson kwa ajili ya Falcons, na Thunderbirds wanaocheza mlangoni pake awatazame kama wageni, kwa kuwa hao ni mali ya watu wa Portland! Kanuni inayomfikisha mtu mahali kama hapo haifai kuitwa uaminifu. Ni fumbo la kuchekesha tu.

Tena kipo kisa cha Utica kinachoipindua kanuni hiyo kabisa. Hati ilipokwenda Abbotsford mwaka 2021, jina la Comets halikwenda nayo. Timu nyingine, iliyokuwa katika mji wa Binghamton, ililetwa Utica, ikalivaa jina hilo hilo na kucheza katika uwanja ule ule. Wapinzani wetu na watujibu: mtu wa Utica alipaswa kuifuata hati iliyokwenda, au jina lililobaki? Wakisema hati, wamekiri kwamba shabiki hupenda karatasi. Wakisema jina, wamekiri kwamba timu ni ya mahali pake, na hoja yao imekufa.

Watu hawa hawakosi hoja nyingine, na si haki kuzificha. Hoja ya kwanza husema hivi: rafiki yako akihamia mji mwingine humwachi, humwandikia na kumtembelea. Kwa nini basi uiache timu? Maneno haya ni matamu, lakini mfano wake haulingani. Rafiki akihama huondoka na moyo wake, na ndani ya moyo huo umo wewe. Akifika aendako hukumbuka jina lako. Timu iliyohamishwa haikumbuki mtu. Ofisi yake mpya huuza tikiti kwa watu wapya, hushona nguo za rangi mpya, na kuta zake hutundikwa picha za mji mpya. Ikiwa kuna mchezaji uliyempenda kwa ushujaa wake au adabu yake, mfuatilie kwa mema popote aendapo, maana huyo ni binadamu na hakukuuza wewe. Mara nyingi naye amehamishwa bila kuulizwa. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, na kuifuata hati ni jambo jingine.

Hoja ya pili ni ya mali. Husema: timu ni ya mwenyewe, na mwenye mali ana haki ya kuipeleka atakako. Nakubali kwamba sheria iko upande wake. Nakubali pia kwamba si kila kuhama hutokana na tamaa. Timu kubwa za magharibi ya Marekani zilitaka vijana wao wakae karibu, ili mchezaji akiumia leo mwingine aitwe kesho bila kuvuka bara zima. Kwa sababu hiyo ilitangazwa mnamo Januari 2015 kwamba timu tano za AHL zingehamishiwa California. Mojawapo ilikuwa Monarchs ya mji wa Manchester katika jimbo la New Hampshire, iliyochezea huko tangu mwaka 2001. Sababu ilikuwa na maana, sikatai. Lakini tazama yaliyofuata. Mwezi Juni mwaka ule ule Monarchs walitwaa kikombe cha Calder. Watu wa Manchester walikishangilia kikombe huku wakijua kwamba timu iliyokileta ilikuwa tayari imekwisha kufunga mizigo.

Haki ya mwenye mali huishia hapo: yeye aweza kwenda. Haki ya kwenda haizai amri ya kufuatwa. Mwenye duka akihamia mji wa pili hawezi kuwaita wateja wake wa zamani wasaliti kwa kununua chumvi kwa jirani. Wapinzani wetu hutaka mambo mawili yasiyokaa pamoja. Timu inapoondoka husema, "Hii ni biashara, usilie." Shabiki anapoiacha humwambia, "Haya ni mapenzi, usiache." Kama ni biashara, basi mteja yu huru. Kama ni mapenzi, basi aliyeondoka ndiye aliyeyavunja kwanza.

Tena si kweli kwamba mali hiyo ilikuzwa na mwenyewe peke yake. Mji wa Portland, katika jimbo la Maine, ulikuwa na uwanja wa ndani uliofunguliwa mwaka 1977. Mwaka 2011 wapiga kura wa kaunti ya Cumberland waliidhinisha mkopo wa dola milioni 33 ili uwanja huo utengenezwe upya. Timu iliyokuwa ikiutumia ni Pirates, iliyofika mwaka 1993 kutoka Baltimore na kutwaa kikombe mwaka 1994, katika msimu wake wa kwanza. Kukatokea mgogoro wa mkataba, na msimu wote wa 2013 na 2014 Pirates wakachezea Lewiston, katika uwanja ule ule ambamo Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston mwaka 1965. Baadaye wakarudi Portland. Na mwezi Mei 2016 wakauzwa, wakaenda Springfield kama tulivyokwisha kuona. Timu iliondoka. Mkopo haukuondoka. Ulibaki juu ya watu wa kaunti, pamoja na uwanja wenye viti vipya na barafu isiyo na mchezaji. Ni nani hapa aliye na deni kwa mwenzake?

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nami sitaipita kwa mbali. Husema: miji hii inayolia machozi nayo ilizipata timu zake kwa kuzitoa katika miji mingine. Ni kweli tupu. Pirates walipofika Portland, Baltimore ilibaki bila wao. Na mwaka 2018 Portland ilipopata tena timu, Mariners wa ligi ya ECHL, hati ya timu hiyo ilikuwa imetoka Anchorage, Alaska. Huko iliitwa Aces, na ilikuwa imetwaa kikombe cha ligi yake mwaka 2006, 2011 na 2014, kabla ya kufunga milango mwaka 2017. Machozi ya Portland ya mwaka 2016 yalifutwa kwa kitambaa kilichotoka kwa watu wa Anchorage. Waswahili husema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lakini tazama hoja hii inathibitisha nini. Haithibitishi kwamba mtu wa Anchorage anapaswa kuishangilia Portland. Inathibitisha kwamba desturi yenyewe ni mbovu, kwa kuwa hapana mji uwezao kufurahi bila mji mwingine kuhuzunika. Mtoto wa Portland anayekwenda kuwatazama Mariners leo hana hatia yoyote, hakuiba kitu. Linalotakiwa kwa mji unaopokea ni mambo mawili tu. Kwanza, usijisifie ushindi ulioupata mji mwingine, maana vikombe vya Aces ni vya Anchorage hata hati ikizunguka dunia nzima. Pili, ukumbuke kwamba mlango ulioingiza timu ndio huo huo utakaoitolea, kwa hiyo ufungwe mapema kwa mkataba ulio imara, kabla fedha ya watu haijamwagwa.

Huenda ukauliza: basi shabiki aliyeachwa afanye nini? Akae nyumbani akilia? La. Yako mambo bora kuliko kulia na kuliko kufuata. Wewe uupendaye mpira wa miguu yafaa ukijue kisa cha Wimbledon, mtaa wa London. Mwezi Mei 2002 timu ya Wimbledon ilipewa ruhusa ya kuhamia Milton Keynes, mji ulio zaidi ya kilomita 70 kutoka kwao. Ilihamia mwaka 2003, na mwaka 2004 ikabadilisha jina. Mashabiki hawakuifuata. Mwaka 2002, kabla hata timu haijaondoka, waliunda timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakawajaribu wachezaji katika uwanja wa wazi wa umma, wakaanzia daraja la tisa, chini kabisa ambako hakuna mtu mashuhuri. Mwaka 2011, baada ya misimu 9, walikuwa wamepanda madaraja matano na kuingia katika ligi ya taifa ya soka. Mwaka 2020 wakarudi Plough Lane, katika mtaa wao wa asili, wakiwa na uwanja mpya. Hati ilikwenda Milton Keynes. Timu ilibaki Wimbledon. Na safari hii hati imo mikononi mwa mashabiki wenyewe.

Marekani nayo ina mfano wake, ingawa si wa barafu. Timu ya mpira wa Kimarekani ya Green Bay, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, imekuwa mali ya wanahisa wa kawaida tangu mwaka 1923. Hisa zake hazimpi mtu faida ya fedha. Miji iliyo mikubwa mara nyingi kuliko Green Bay imepoteza timu zake, lakini Green Bay haijapoteza yake. Na katika AHL yenyewe ipo Hershey, mji wa kiwanda cha chokoleti katika jimbo la Pennsylvania, ambao timu yake ya Bears imecheza humo tangu mwaka 1938. Hadi mwaka 2025 ilikuwa imetwaa kikombe cha Calder mara 13. Hiyo ni mali ya kampuni, si ya mashabiki, walakini ni kampuni yenye mizizi katika mji huo huo. Mwenye timu akiwa mwenyeji, hana pa kuihamishia.

Sisemi kwamba mtu aendeleaye kuitazama timu yake iliyohama ni mjinga. Moyo wa mtu ni wake. Akikesha usiku kusikiliza matangazo ya mchezo kutoka mji asioufahamu, kwa kuwa bado yumo mlinda lango mmoja aliyempenda, hapana mwenye haki ya kumcheka. Ninachokataa ni pale anapogeuka na kumwita jirani yake msaliti. Jirani huyo hakumsaliti mtu. Alikuwa kitini pake mwaka baada ya mwaka, katika baridi ya Januari, timu ikishinda na ikishindwa. Siku ya mwisho alifika na kuimba. Kesho yake kiti kilikuwapo, naye alikuwapo. Timu ndiyo haikuwapo.

Wewe, kijana, huenda usiuone mchezo huu maisha yako yote. Hata hivyo shauri lake litakufikia. Fikiri kwamba Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, inunuliwe na tajiri mmoja, ihamishiwe nchi nyingine, ivuliwe jina lake na rangi yake ya kijani, kisha mtu aje akuambie kwamba shabiki wa kweli ataifuata. Utamjibu nini? Na si timu peke yake. Utakuwa mwanachama wa vyama vya ushirika, vya wafanyakazi na vya akiba. Utatumika katika kampuni zitakazokuita ndugu siku ya kukuajiri na kukuita gharama siku ya kukufukuza. Kila mahali utaambiwa uwe mwaminifu, na mara nyingi itakupasa uwe. Lakini kabla hujatoa jasho lako, uliza hati iko mikononi mwa nani, na kama aweza kuondoka nayo usiku bila kukuaga. Ukijua hilo, toa uaminifu wako kwa watu mnaokaa nao, wasioweza kuuzwa pamoja na karatasi. Na siku wenzako watakapoitisha mkutano wa kuunda timu mpya, uwe mmoja wa watakaofika mapema kupanga viti.